Tumbo la Shule ya Gathiriti

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, ilikuwa lazima tumbo la shule lilishwe. Jina lake la heshima lilikuwa mtambo wa gesi, lakini hakuna mtoto wa Gathiriti aliyeliita hivyo. Siku ya kwanza Mwalimu Nduku wa sayansi alikuwa ameueleza mtambo huo kama tumbo: linakula, linasaga, kisha linatoa hewa. Darasa la sita lilicheka hadi mwalimu akagonga meza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akijiuma midomo. Tangu hapo jina likabaki hilo.

Ulikuwa mwaka wa 1987. Shule ya Msingi ya Gathiriti ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka soko la Mukurweini, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya huokotwa kwenye migomba ya jirani. Nyuma ya jikoni, fundi Mbuvi alikuwa amechimba shimo la duara, akalijengea ukuta wa matofali na kuupiga plasta mara tatu. Juu ya shimo hilo kulielea pipa kubwa la chuma lililofunikwa kifudifudi. Gesi ikijaa, pipa lilipanda. Gesi ikitumika, lilishuka. Ubavuni mwa pipa Mwalimu Nduku alichora mistari mitatu ya rangi nyeupe, na mstari wa tatu ukionekana, kila mtu alijua kwamba githeri ya shule nzima, mahindi na maharagwe, itaiva bila ukuni hata mmoja.

Chakula cha tumbo kilikuwa kile ambacho watu wengine wamekitupa. Hoteli tatu za sokoni ziliweka kando maganda ya viazi na makombo ya ugali. Wachuuzi waliweka kabichi zilizooza na ndizi zilizopondeka. Nyumba kumi na nne zilizokuwa kando ya njia zilitoa samadi ya ng'ombe, kila nyumba karai moja. Vyote vilikatwakatwa, vikakorogwa na maji na kumiminwa shimoni. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa mbolea nyeusi ya maji isiyonuka sana, nayo ilikuwa imefanya sukuma wiki ya shule kuwa na majani mapana hata walimu wakaanza kuyaangalia kwa jicho la kununua.

Aliyefurahia tumbo kuliko wote alikuwa Mama Gaudencia, mpishi. Alitoka upande wa Kakamega na alikuwa amepika Gathiriti kwa miaka tisa, tangu siku ambazo kila mtoto alitakiwa kuleta ukuni mmoja kila Jumatatu. Kuni mbichi za msimu wa mvua zilikuwa zimemharibia macho. Yalikuwa mekundu daima na yalitoa machozi hata akicheka. Hospitalini Othaya daktari alimwambia waziwazi kwamba aache moshi, au moshi utamwachisha kuona. Mama Gaudencia alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Ndiyo maana kila alipowasha jiko la gesi alisimama kidogo akiutazama ule moto wa bluu, mikono kiunoni, kama mtu anayemtazama mwanawe akitembea kwa mara ya kwanza.

Sasa tumjue Murugi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu, mwepesi wa kuelewa hesabu, na mwepesi zaidi wa kutafuta njia ya mkato. Wiki ile ilikuwa zamu yake na ya Kingori, mvulana mnene mpole waliyekaa naye dawati moja. Kingori alisukuma mkokoteni wa maganda kutoka hotelini. Murugi alipita nyumba kumi na nne akikusanya samadi.

Nyumba hizo hakuzipenda. Zilikuwa zimetawanyika mlimani, na kila moja ilikuwa na mbwa wake. Kila mama alitaka kwanza kusalimiwa vizuri, aulizwe habari za mguu wake, aeleze habari za mguu wake, ndipo karai lijazwe. Na kulikuwa na jambo la bendera. Kila Ijumaa kwenye paredi, zamu iliyolisha tumbo ndoo nyingi kuliko zamu iliyotangulia ilipewa bendera ya kijani, nayo wenye bendera walipakuliwa githeri kwanza, wakati maharagwe bado ni mengi. Zamu ya wiki iliyopita ilikuwa imefikisha ndoo thelathini. Kufikia Alhamisi, Murugi na Kingori walikuwa na ndoo ishirini na moja tu.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi Murugi alipita karibu na josho, lile bwawa refu jembamba lenye dawa ambamo ng'ombe wa eneo zima waliogeshwa kila wiki ili kuua kupe. Ng'ombe walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Walitumbukia mmoja mmoja, wakaogelea, wakatoka upande wa pili na kusimama kwenye sakafu ya saruji hadi dawa iwachuruzike mwilini. Na ng'ombe, kama ijulikanavyo, akishtuka hujisaidia. Sakafu ile ilikuwa imejaa samadi.

Murugi alisimama. Samadi ya ng'ombe hamsini ilikuwa mahali pamoja, bila mbwa na bila habari za mguu. Tena ilikuwa imeshalowa, kwa hiyo hakungekuwa na haja ya kuteka maji ya kuikorogea. Jambo moja lilimpendeza zaidi: hakukuwa na nzi hata mmoja juu yake. Samadi safi kabisa, alijiambia. Alisubiri Theuri, mlinzi wa josho, aende upande wa juu kuhesabu ng'ombe, kisha akajaza. Alikwenda na kurudi mara sita, ndoo mbili kila safari. Shuleni alimimina ndoo nane peke yake na nyingine nne akazificha nyuma ya choo kwa ajili ya Ijumaa.

"Ndoo nane," alisema Mwalimu Nduku akiandika ubaoni. "Nyumba zote hizo umezipita saa ngapi, Murugi?"

"Niliamka mapema, mwalimu."

"Na wamekupa zaidi ya karai moja moja?"

"Ndiyo, mwalimu. Ati ng'ombe wamekula vizuri."

Kingori alimtazama kwa mshangao, lakini hakuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Ijumaa, baada ya zile nne nyingine na makombo ya hotelini, walifikisha ndoo thelathini na tano. Murugi alipokea bendera mbele ya shule nzima. Siku hiyo githeri yake ilikuwa maharagwe matupu.

Jumatatu pipa lilikuwa kwenye mstari wa pili. Watu hawakujali, maana mwisho wa wiki ulikuwa na baridi, na baridi hupunguza gesi. Jumanne lilikuwa kwenye mstari wa kwanza, na moto wa jikoni ukawa mdogo, wa manjano, ukirukaruka. Jumatano Mama Gaudencia aliwasha kiberiti mara saba na jiko halikushika. Watoto wa darasa la nne walitumwa kuokota vijiti, na saa sita moshi ulikuwa umejaa jikoni kama zamani. Mama Gaudencia alipakua chakula huku leso ikiwa imefunika jicho moja. Murugi alipofika mbele ya foleni, mama huyo hakumtambua mpaka alipoongea.

"Ni wewe, Murugi? Samahani mtoto wangu, leo naona sura zote ni moja."

Murugi alichukua sahani akaondoka haraka. Githeri ilikuwa na ladha ya moshi.

Jioni hiyo mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Mathenge, alikuja kujionea. Alikuwa mkulima wa kahawa mwenye sauti nzito na kofia ambayo hakuivua hata kanisani mpaka padri alipoanza. Alizunguka pipa mara mbili akaligonga kwa fimbo.

"Hii ukuta iko na ufa," alisema. "Gesi inapotelea kwa udongo. Mimi nilisema tangu mwanzo fundi atafutwe wa hapa, mtu tunajua kwao."

"Ukuta ni mzima, mzee," alisema Mwalimu Nduku. "Maji ya ndani hayajapungua hata kidogo. Kama kungekuwa na ufa, yangepungua. Kuna kitu kingine."

"Mwalimu, wewe utamtetea Mbuvi. Si nyinyi nyote ni watu wa Machakos?"

Fundi Mbuvi alikuwa amesimama pale pale, mtu mrefu, mkavu, mwenye saruji iliyoganda kwenye kucha. Hakujitetea. Alisema tu kwamba plasta alipiga mara tatu. Mzee Mathenge akaamua kwamba Ijumaa saa tisa ukuta utavunjwa ili ufa uonekane, na kama fundi ana haki, basi avunje yeye mwenyewe mbele ya watu. Kila aliyekuwa pale alielewa maana yake. Ukuta ukivunjwa, pipa litaondolewa, shimo litafukiwa, na Jumatatu kila mtoto ataleta ukuni.

Alhamisi asubuhi Murugi alipita tena karibu na josho. Zamu haikuwa yake, lakini miguu ilimpeleka. Ng'ombe walikuwa wametoka kuogeshwa, na kuku mmoja wa jirani alikuwa amelala kando ya sakafu ya saruji, miguu juu. Theuri alimwinua kwa kijiti.

"Umeona?" alimwambia Murugi. "Huyu alikunywa hii maji. Kila wiki nawaambia watu wafunge kuku zao. Hapa hata nzi haitui. Ikitua, inakufa."

Murugi alitazama samadi iliyotapakaa sakafuni. Nzi hakuwepo. Alikumbuka somo la Mwalimu Nduku neno kwa neno, maana alikuwa mwanafunzi mzuri wakati hakuwa na haraka: ndani ya tumbo wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, na hao ndio wanaosaga makombo na kutoa gesi. Yeye alikuwa amewamiminia ndoo kumi na mbili za dawa ya kuua wadudu.

Siku nzima hakusikia kitu darasani. Angeweza kunyamaza, na hilo alilijua vizuri. Hakuna aliyemwona. Fundi angevunja ukuta, watu wangesema ufa ni mdogo, hauonekani, na mambo yangeishia hapo. Jioni mama yake, Watiri, aliyeuza ndizi sokoni, alimuuliza kwa nini hakula. Murugi akamwambia yote, kuanzia bendera hadi kuku.

Watiri aliacha kupanga ndizi kwenye kikapu, akaelekeza kidole kwenye jiko.

"Mbuvi ndiye alitengeneza hii jiko yetu," alisema. "Wakati baba yako alikuwa hospitali, na hakuitisha pesa. Ulikuwa mdogo."

"Mama, nitachapwa."

"Pengine. Lakini mimi siwezi kukusemea hiyo maneno. Nikikusemea, itakuwa yangu. Kesho enda useme na mdomo yako."

Ijumaa saa tisa uwanja wa nyuma ya jikoni ulijaa. Wazazi walikuja, wenye hoteli walikuja, na hata akina mama wa zile nyumba kumi na nne walikuja, kila mmoja akimweleza mwenzake habari za mguu. Fundi Mbuvi alikuwa na nyundo kubwa. Aliuweka mkono wake wa kushoto ukutani, akaupapasa pole pole, kisha akainua nyundo.

"Fundi, ngoja," alisema Murugi.

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, lakini ilitosha. Alipita katikati ya watu akiwa amebeba ile bendera ya kijani, akasimama mbele ya ukuta.

"Ukuta hauna ufa. Ni mimi. Samadi ya wiki iliyopita sikuitoa nyumbani kwa watu. Niliitoa kwa josho, pale ng'ombe wanachuruzika dawa. Ndoo kumi na mbili. Halafu nilimdanganya mwalimu. Kingori hakujua."

Mzee Mathenge aliinama akamtazama usoni.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Watiri, mzee. Anayeuza ndizi."

"Na unajua umefanya nini?"

"Nimeua tumbo," alisema Murugi, na hapo ndipo alipolia. Alimkabidhi Mwalimu Nduku bendera. Kisha akamgeukia fundi Mbuvi akamwambia, "Nisamehe, fundi. Wamekuwa wakikusema vibaya na mimi nimenyamaza."

Fundi Mbuvi aliishusha nyundo chini kwa uangalifu, kama kwamba hata ardhi ingeweza kuumia.

"Sasa hii ni maneno naweza tengeneza," alisema. "Ufa ambayo haiko, hiyo singeweza."

Mwalimu Nduku hakumchapa Murugi. Alikuwa amekasirika, na alimwambia hivyo bila kuficha, lakini alikuwa na kazi kubwa kuliko kuchapa. Jambo la kwanza alilofanya ni kukataza mbolea ya wiki ile isipelekwe hata tone moja kwenye sukuma wiki. Jambo la pili ni kuwaeleza wazazi kwamba tumbo linaweza kufufuka, ila lazima liondolewe vyote vilivyomo, lisafishwe, na lipewe chakula safi na viumbe wapya.

"Muda gani?" aliuliza Mzee Mathenge.

"Kwa baridi ya huku kwetu, mwezi mmoja au zaidi."

Mzee Mathenge alivuta kofia chini. Siku ya wazazi ilikuwa wiki tano mbele, na wageni walikuwa wakitoka Othaya na hata Kagio kuja kuona shule inayopika kwa maganda. "Basi," alisema, "siku ya wazazi chai ya watu wote ipikwe hapa. Isipopikwa, tunarudi kwa kuni na sitaki kusikia hii habari ya tumbo tena."

Kazi ilianza kesho yake. Fundi Mbuvi na baba watano walichimba shimo refu nyuma ya uwanja, mbali na mto, wakalizika lile tope lote lenye sumu na kulifukia hadi juu. Ilichukua siku tatu. Ukuta uliposafishwa, fundi alimshika Mzee Mathenge mkono akamshusha ngazi hadi ndani ya shimo, akampa taa. Mzee alitafuta ufa kwa nusu saa. Alipopanda juu alikuwa na matope kwenye kofia, akamrudishia fundi taa.

Viumbe wapya walitoka Othaya, kwenye shamba moja lenye mtambo kama ule. Mzazi mwenye pikapu alileta mapipa mawili ya tope lao jeusi, na Mama Gaudencia akawakaribisha kwa maneno ya Kiluhya ambayo hakutaka kuyatafsiri. Na samadi ilikuwa kazi ya Murugi. Aliiomba mwenyewe. Kwa wiki tano nzima, zamu au si zamu, alizipita nyumba zote kumi na nne, na kwenye kila mlango aliuliza swali lile lile.

"Shikamoo mama. Mguu waendeleaje? Ng'ombe wenu ameoga lini?"

Kama ameoga jana au leo, Murugi alishukuru na kurudi na karai tupu, hata kama ilimaanisha kupanda mlima bure. Akina mama walicheka mwanzoni. Baadaye walianza kumjibu kabla hajauliza. "Leo pita tu, mtoto wetu, ameoga," walimwita kutoka shambani. Sokoni watoto walimwita Daktari wa Ng'ombe, na Kingori, ambaye hakuwa na deni la kulipa, alimsaidia kusukuma mkokoteni kila siku bila kusema kwa nini.

Wiki ya kwanza pipa halikusogea. Wiki ya pili halikusogea. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, na Mwalimu Nduku akawaagiza watoto wote walete nyasi kavu na majani makavu ya migomba, wakalifunika tumbo ubavuni kama mtoto mwenye homa. Watu wengi zaidi walianza kuleta maganda. Mwenye hoteli ya kona alinunua ndoo maalumu yenye kifuniko. Watoto waliokuwa wakibeba kuni zamani sasa walikuja na mikebe ya maganda ya viazi kutoka nyumbani, na mkebe wenye karatasi au mfupa ulirudishwa mlangoni na Murugi mwenyewe, tena bila huruma.

Katikati ya wiki ya nne pipa lilipanda. Lilifika mstari wa kwanza, na shule nzima ikatoka madarasani kuona. Mama Gaudencia aliwasha kiberiti. Gesi ilitoka ikakizima kiberiti. Akawasha cha pili, nacho kikazimika. Murugi alihisi kama amepigwa kofi.

"Msikate tamaa," alisema Mwalimu Nduku. "Hewa ya kwanza haiwaki, ni kawaida. Tuiache itoke yote, tusubiri nyingine."

Wakaiacha itoke. Pipa likazama tena chini kabisa, na kulitazama kulikuwa kugumu. Siku ya wazazi ilikuwa imebakisha siku tisa. Murugi aliendelea kupita nyumba kumi na nne. Pipa likapanda kidogo, likasimama, likapanda tena. Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, jiko lilishika moto mdogo usiozidi kidole. Mama Gaudencia aliuzima haraka kama mtu anayeficha sukari. "Tuwache ijae," alisema.

Jumamosi asubuhi Mzee Mathenge alifika mapema akiwa na mkokoteni wa kuni kavu za mkaratusi. Alizipanga kando ya jikoni. "Si kwa ubaya," alimwambia Mwalimu Nduku. "Wageni ni mia tatu. Lazima wakunywe chai." Mwalimu hakubishana. Alimwonyesha tu pipa. Mistari yote mitatu ilikuwa nje, myeupe, na pipa lilikuwa limesimama juu kuliko wakati wowote tangu lijengwe.

Wageni walijaa uwanjani. Sufuria mbili kubwa kuliko zote za shule ziliwekwa jikoni, na madirisha yakafunguliwa ili watu waone. Mama Gaudencia alichukua kiberiti, akakiangalia, kisha akamwita Murugi akampa.

"Wewe ndiye uliuliza ng'ombe wote kama wameoga. Washa."

Murugi aliwasha. Moto ulizunguka jiko lote kwa mara moja, wa bluu, wenye sauti ya chini ya kukoroma, na watu waliokuwa dirishani wakapiga vigelegele mpaka waliokuwa mbali wakadhani mtoto amezaliwa. Maji yakachemka. Majani yakatiwa, maziwa yakatiwa, sukari ikatiwa. Watu mia tatu walikunywa chai, na wapo waliorudia mara mbili kwa kisingizio cha kuonja kama ina harufu ya maganda. Haikuwa nayo. Viti vilipokwisha, wageni kutoka Kagio walikaa juu ya kuni za Mzee Mathenge. Hiyo ndiyo kazi pekee zilizofanya siku hiyo.

Baada ya chai Mzee Mathenge alisimama. Kwanza alivua kofia, na hilo peke yake liliwanyamazisha watu.

"Mimi nilimsema fundi Mbuvi vibaya mbele ya watu," alisema. "Kwa hivyo nitamwomba msamaha mbele ya watu. Mbuvi, nilishuka kwa ile shimo na taa. Hakuna ufa. Nisamehe."

Fundi Mbuvi alishikana naye mkono. Watu walimtaka aseme neno, naye hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alimtafuta Murugi kwa macho mpaka akampata.

"Watoto, sikizeni," alisema. "Huyu msichana alikosea, na makosa yake ilikuwa kubwa. Alitafuta njia rahisi, halafu akadanganya. Lakini angenyamaza, sisi watu wazima tungevunja ukuta mzima tukitafuta ufa ambayo haiko. Hakuna fundi anaweza kurekebisha kitu kama hajaambiwa ukweli imeharibika wapi. Mkikosea, semeni mapema. Halafu mfanye kazi yenyewe, nyumba kwa nyumba, vile huyu amefanya."

Watu walipiga makofi. Murugi alitazama viatu vyake, kisha akainua uso, maana aliona ni haki yake kuuinua.

Mzee Mathenge alipoingia jikoni kurudisha kikombe, alimkuta Mama Gaudencia amesimama mbele ya jiko akijifuta macho kwa leso. Alishtuka.

"Pole, mama. Ni moshi tena?"

Mama Gaudencia alimtazama mwenyekiti, akatazama dirisha lililo wazi, na hewa safi ya jikoni, na Murugi aliyekuwa akiosha vikombe kwenye beseni huku akiimba.

"Moshi iko wapi, mzee?" alisema, akacheka, na kuongeza maji kwenye sufuria kwa ajili ya waliotaka kikombe cha tatu.